Wakili Mmoja, Sura Tatu!

Hamugembe tunajuana. Mtu akianza kusimulia picha, hakuna anayeuliza kwanza inaitwaje. Tunauliza steringi nani, halafu tunauliza kama anapiga. Tumekuzwa na vibanda vya video, mabenchi ya mbao, jasho la watu sitini kwenye chumba kimoja, na imani moja isiyotikisika, kwamba steringi hafi.

Basi leo nawaletea steringi wa aina nyingine. Hapigi karate, hapandi helikopta. Anavaa suti, anasimama mahakamani na kuuliza maswali mpaka adui anatokwa na jasho na kusema mwenyewe, "Ndiyo, nilimuua mimi!" Jamaa anaitwa Perry Mason, wakili wa Los Angeles, Marekani. Ni mtu wa kwenye vitabu tu, hajapata kuishi, lakini wakili wa kweli mwenye sifa kama zake sijui kama yupo.

Aliyemtunga ni Erle Stanley Gardner, naye alikuwa wakili kweli, huko California. Vijana wenzangu mlioishia sekondari, sikilizeni hapa: Gardner chuo cha sheria alikaa kama mwezi hivi, akaondoka. Sheria akajisomea kwenye ofisi za mawakili, na mwaka 1911 akapasi mtihani. Baadhi ya wateja wake walikuwa Wachina, watu waliokuwa wakionewa sana enzi zile, na yeye akawatetea. Usiku anaandika hadithi za magazeti ya bei rahisi. Mwaka 1933 ndipo akamtoa Mason kwenye kitabu chake cha kwanza, The Case of the Velvet Claws. Kikauzika ile mbaya.

Watu wa sinema wakanusa hela. Kampuni ya Warner Bros. ikanunua, na kati ya 1934 na 1937 ikatoa picha sita. Sasa hapo ndipo kimbembe kilipoanza.

Picha ya kwanza, The Case of the Howling Dog ya 1934, ilikuwa imetulia. Mason aliigizwa na Warren William, baba mrefu mwenye sauti ya bosi. Mwongozaji alikuwa Alan Crosland, yuleyule aliyeongoza The Jazz Singer mwaka 1927, picha iliyoifungulia sinema mlango wa kusema. Kesi ni kesi, wakili ni wakili. Ungeitazama ungesema haya, mambo yameiva.

Lakini mwaka huohuo kampuni nyingine ikatoa The Thin Man, picha ya mpelelezi na mkewe wanaokunywa na kutaniana huku wakisaka muuaji. Watu wakafurika. Warner Bros. nao wakatamani. Wakamchukua wakili wa watu wakamgeuza mchekeshaji! Kwenye The Case of the Curious Bride ya 1935, Mason amekuwa fundi wa jikoni anayejivunia mapishi. Mpelelezi wake wa vitabuni, Paul Drake, mtu mzima na heshima zake, kabadilishwa jina na kuwa Spudsy, wa kuchekesha watu. Kwenye The Case of the Lucky Legs ya mwaka huohuo, Mason ni mtu wa chupa. Wakili mzima anaumwa kichwa cha pombe! Hata walevi wetu wa rubisi wangemwonea aibu.

Ila hiyo Curious Bride ina la kukumbukwa. Mwongozaji wake ni Michael Curtiz, ambaye mwaka 1942 aliongoza Casablanca. Na anayeuawa humo ni kijana mgeni aitwaye Errol Flynn. Unamwona kidogo sana, tena zaidi ni maiti. Mwaka 1938 maiti huyo alikuwa Robin Hood, steringi wa dunia nzima. Kwa hiyo wewe unayepewa nafasi ya kupita nyuma na ndoo kwenye picha za kwetu, usinune. Pita vizuri.

Tuje kwa mapenzi, maana najua mnangoja. Mason ana katibu muhtasi, Della Street, mrembo mwenye akili. Vitabuni Mason anamwomba ndoa zaidi ya mara moja, Della anakataa. Hataki kugeuzwa mke wa kukaa nyumbani kungoja mume arudi, anataka kazi na anataka kuwa ndani ya mambo. Dada zangu mpo? Huyo ni mwanamke wa miaka ya 1930! Basi mwaka 1936, kwenye picha ya The Case of the Velvet Claws, Warner Bros. wakawaoza. Fungate likavurugwa na kesi. Waitu! Halafu picha iliyofuata, mwaka uleule, mambo yamerudi kama zamani, yeye bosi, huyu katibu, kama vile sherehe haikupata kufanyika.

Na si ndoa tu iliyopotea. Hata mume mwenyewe alibadilika sura! Warren William alicheza picha nne, ya tano The Case of the Black Cat akaletwa Ricardo Cortez, ya sita The Case of the Stuttering Bishop ya 1937 akaja Donald Woods. Della ndiyo usiseme, picha sita waigizaji watano. Mtazamaji atampenda nani hapo? Baada ya hiyo ya sita, Mason wa Warner Bros. akazimika. Mwaka 1940 wakachukua kitabu kingine cha Mason, wakatengeneza picha na Mason mwenyewe wakamtoa kabisa!

Gardner alikasirika, lakini angefanyaje? Alikuwa ameuza. Ila mtu akiumwa na nyoka, ung'ongo unamshtua. Televisheni ilipokuja kubisha hodi, alisema hapana, safari hii na mimi nakaa mezani. Kampuni yake mwenyewe ikashiriki kutengeneza. Akaja Raymond Burr, ambaye mwanzo alikuja kujaribiwa nafasi ya mwendesha mashitaka. Kuanzia 1957 mpaka 1966 zikatoka hadithi 271. Ile ya mwisho kabisa Gardner mwenyewe kakaa kiti cha hakimu. Huyo ndiye Mason ambaye dunia inamkumbuka. Wale wa picha sita wanakumbukwa na wachache.

Sasa mtu ataniuliza, haya ya Wazungu yanatuhusu nini sisi wa Bukoba?

Yanatuhusu mara mbili. Kwanza, na sisi tuna masteringi wa vitabu. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla alianza na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Willy Gamba wa Elvis Musiba, Joram Kiango wa Ben Mtobwa, hao wamepita mikononi mwa kaka na baba zetu mpaka majalada yakachanika. Kijana mwenye kamera atasema, "Hiki nakifanyia picha." Vizuri sana, lakini kamwone kwanza mtunzi au familia yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kukubali au kukataa kazi yake igeuzwe. Na wewe mtunzi unayeandika kwenye daftari hapo Hamugembe, usiuze kwa soda na chipsi. Soma karatasi kabla ya kutia sahihi. Gardner alikuwa wakili na bado yalimkuta.

La pili ni zito zaidi. Picha zinatudanganya kwamba kesi ni saa moja na nusu, muuaji analia, mteja anarudi nyumbani. Kwetu Mahakama Kuu ipo hapa Bukoba, na kesi ya mauaji ndiko inakosikilizwa. Kwa hakimu wa chini mshitakiwa hatakiwi kujibu lolote, anasikia tu kwamba upelelezi haujakamilika, anarudi mahabusu. Mama yake yupo nje na kapu la ndizi, anangoja tarehe nyingine. Kwenye picha hayo hayaonyeshwi, hayana raha.

Gardner aliyajua. Mwaka 1948, akishirikiana na gazeti la Argosy, alianzisha jopo la kuchunguza kesi za wafungwa maskini walioelekea kuonewa, na wapo waliotoka gerezani kwa kazi hiyo. Jopo hilo halikuwa na steringi. Walikuwa wazee wanaosoma mafaili.

Kwa hiyo ukikutana na Mason, yule mlevi wa 1935 au yule mtulivu wa Burr, cheka, furahi, msifie suti. Lakini ukiitwa kesho kutoa ushahidi wa jirani yako, nenda, tena usichelewe. Hakuna mtu atakayeruka kutoka benchi la nyuma akiri badala yake. Tukutane wiki ijayo.