Mizani ya Kupimia Riwaya za Mbali

Iko desturi moja miongoni mwa wasomi wa fasihi ambayo imezoeleka hata haionekani tena kuwa ni kosa. Riwaya ikitoka mbali haisomwi kwanza. Huulizwa imepata tuzo gani, imesifiwa na nani, na mwandishi wake ni raia wa wapi. Majibu yakipatikana hukumu hutolewa, na kitabu hurudishwa rafuni kingali na harufu ya kiwanda cha chapa. Huko si kuhakiki. Ni kupokea bei ya dalali na kuitangaza kuwa ndiyo thamani ya mali.

Ushahidi wa desturi hiyo ulionekana Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja akaaye Uingereza, alipopewa tuzo ya Nobel. Watu walishindana kwa sauti kubwa kama yeye ni Mtanzania au si Mtanzania. Pasi yake ya kusafiria ilijadiliwa kuliko vitabu vyake. Walakini riwaya yake Paradise ilikwisha kuchapishwa tangu 1994, ikafika katika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker mwaka ule ule. Kiswahili kiliipata mwaka 2022 kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Miaka 28 ilipita, na kwa muda huo wote kitabu juu ya pwani ya Waswahili na bara yake kilipimwa London, na wenye pwani na bara wakaletewa jibu.

Na apewe kitabu hicho msomaji wa Korogwe. Kinaanzia katika mji mdogo uliovimba Wajerumani walipoufanya ghala la reli yao iendayo nyanda za juu, kisha ukanywea reli iliposonga mbele. Mji huo ni wa kubuniwa, lakini reli ya namna hiyo ilitoka Tanga, ikafika Korogwe mwaka 1902, ikaendelea kuelekea milimani. Msomaji huyo hahitaji tanbihi ya profesa kuelewa jinsi mji unavyoweza kuishi kwa filimbi ya garimoshi na kufa kwa kimya chake.

Msomaji wa Handeni ana kubwa zaidi. Katika riwaya hiyo Yusuf, mtoto wa miaka 12, hutolewa rehani na baba yake kwa deni la tajiri Aziz. Mhakiki wa mbali huiona rehani hiyo kuwa ishara. Uziguani si ishara. Katika njaa kuu ya miaka ya 1830 Wazigua waliteremka pwani kutafuta chakula. Wako waliojiweka rehani, na wengi wakapakiwa majahazini wakauzwa Usomali. Vizazi vyao viliilinda lugha ya Kizigula katika bonde la Juba kwa zaidi ya miaka 150. Vita vya 1991 viliwafukuza, na baadhi yao wakarudi katika nchi ya mababu zao kwa jina la wakimbizi: kwanza kambi ya Mkuyu, kisha, mwaka 2003, makazi ya Chogo, yote wilayani Handeni. Mwaka 2014 zaidi ya 1,500 walipewa uraia wa Tanzania.

Mtu aliyekua jirani na Chogo ana haki ya kuuliza maswali ambayo waamuzi wa tuzo hawakuwa na sababu ya kuyauliza. Gurnah amemfanya Aziz mpole, mwenye manukato na sauti ya chini; adabu yake ndiyo mnyororo wake. Je, ndivyo deni linavyokuja? Yamkini msomaji wa Handeni atasema ndivyo hasa, na sifa hiyo itakuwa nzito kuliko ya gazeti lolote. Yamkini pia atatoa lawama: kwamba watu wa bara huonekana humo kwa macho ya msafara, nao huitwa washenzi. Atajibiwa kwamba neno hilo liko vinywani mwa wahusika na huwahukumu wao wenyewe. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi, maana Chatu na watu wake hawapewi chumba cha ndani katika riwaya hiyo kama alichopewa Yusuf. Mabishano ya namna hii ndiyo uhakiki, wala hayahitaji cheti cha kuzaliwa cha mwandishi.

Wako na wengine waliokimbia kosa hilo wakaangukia la pili. Husema kila utamaduni uhakikiwe na wenyewe tu. Kwa kanuni hiyo Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute ya mwaka 1973, ingenyang'anywa kila mwanafunzi asiye Mwigbo. Kwa kanuni hiyo hiyo Handeni isingekuwa na neno juu ya Maps, riwaya ya Nuruddin Farah ya mwaka 1986, ambamo Misra, mwanamke Mwaoromo, humlea yatima wa Kisomali kisha hushukiwa kwa kuwa damu yake ni nyingine. Chogo wako watu waliozaliwa Usomali wakahesabiwa wageni huko, wakaja Tanzania wakaandikwa wageni tena. Nani atawaambia kwamba kitabu hicho ni cha wenyewe, na wao si wenyewe?

Wenye elimu watasema msomaji huyo hana nadharia. Basi na aketi na mwenye nadharia mbele ya ukurasa wa mwisho wa Peponi, Yusuf anapousikia mlango wa bustani ukifungwa nyuma yake, akawakimbilia askari wa Wajerumani. Waulizwe wote wawili kwa nini alikimbia, na ajibu kwanza yule ambaye wazee wake husimulia kwamba mababu zao walipanda jahazi wakiwa wameahidiwa kazi.