Tusisubiri msiba ndipo tuwataje

Mwaka 2023 polio ilithibitishwa kwa mtoto mmoja hapa mkoani Rukwa. Septemba mwaka huo Serikali ikaendesha kampeni ya chanjo ya nyumba kwa nyumba katika mikoa 6, Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera, Mbeya na Songwe, ikilenga watoto zaidi ya milioni 3 wenye umri chini ya miaka 8. Taarifa zilizotolewa zilihesabu watoto na dozi. Hazikumtaja yule anayejua kwamba nyuma ya mashamba ya ng'ambo ya mto imehamia kaya mpya yenye watoto wadogo, na kwamba baba mwenye nyumba hataki kusikia habari za chanjo mpaka aongee kwanza na mtu anayemwamini.

Mtu huyo yupo katika kila kata ya Ufipa, Mollo ya Manispaa ya Sumbawanga ikiwemo. Ni mhudumu wa afya wa jamii, au mjumbe, au mzee wa kamati ya maji, au mama anayeamshwa usiku kumsindikiza mjamzito zahanati. Wengine wameifanya kazi hiyo tangu wakiwa vijana na sasa wana wajukuu. Gazeti hili linapiga kelele leo kwa sababu kizazi hicho kinaondoka, na kinaondoka bila kuandikwa popote.

Serikali humkumbuka mtu kwa malipo. Mwenye cheki namba, yaani namba ya mshahara serikalini, ana faili. Akifikisha miaka 60 anastaafu, anaagwa kwa hafla na kufuatilia mafao yake. Asiye na cheki namba hana faili, na asiye na faili hana tarehe ya kuagwa. Kumbukumbu zake hukaa kichwani mwa mganga wa zahanati na mtendaji aliyepo, na hao wakihamishwa, zinahama nao. Dk. Chrisant Mzindakaya, aliyekuwa mbunge wa Kwela kwa miaka mingi, alipofariki Juni 2021 taifa zima liliambiwa alifanya nini, na ilistahili. Aliyejitolea ngazi ya kitongoji husomewa wasifu kwa dakika chache kaburini, mara nyingi na mtu aliyeuandika asubuhi ileile.

Si jambo jipya. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania wapatao milioni 2 kuzunguka redio, wakajadili malaria, maji na kuhara, kisha wakachimba vyoo. Vikundi hivyo viliongozwa na watu wapatao 75,000 waliopewa mafunzo mafupi vijijini. Idadi yao imehifadhiwa vizuri katika maandishi ya elimu ya watu wazima. Majina je? Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amevuka 70, na huenda ndiye yule babu anayekaa kwenye benchi la zahanati akisubiri dawa kama mgonjwa mwingine yeyote.

Tena kujitolea kuna gharama, na Mfipa anaijua kwa jembe. Matuta ya ntumba hutengenezwa mvua zikiwa bado zipo, udongo ukiwa na unyevu na nyasi zikiwa mbichi za kufukia. Anayetumia siku hizo kupita nyumba hadi nyumba na daftari la watoto, matuta yake yanapungua, na mwaka unaofuata ghala lake linasema. Posho ya siku chache za kampeni haifidii hilo.

Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha na kuwatumia wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 nchi nzima ndani ya miaka 5. Tunaupongeza, tena kwa moyo mmoja. Kazi hii ilistahili kulipwa zamani. Hofu yetu ni kwamba vijana wenye vyeti watakabidhiwa vitongoji pasipo kukutanishwa na waliovihudumia kabla yao. Kijana anaweza kufundishwa dalili za utapiamlo darasani. Hawezi kufundishwa darasani ni mlango upi wa Mollo unaobishwa kwa salamu ndefu.

Kuhusu kuwaenzi wakongwe hawa, tuseme wazi: cheti chenye fremu na doti ya kanga mbele ya kamera havitoshi, na tumechoka kuvipiga picha. Kinachohitajika ni matibabu. Bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) iliyoboreshwa ilipoanza, kaya ya watu 6 ilichangia Sh30,000 kwa mwaka. Hata kama kiwango cha bima sasa kiko juu zaidi, kuzikatia bima kaya za wakongwe wachache wa kila kata si mzigo ambao Manispaa ya Sumbawanga haiwezi kuubeba kwa mapato yake ya ndani. Madiwani wauingize kwenye bajeti kama kifungu kinachoeleweka, usibaki ahadi ya jukwaani.

Na ili fedha hizo zisiliwe na ndugu wa wakubwa, maana orodha za namna hii zina mazoea ya kunenepa, Mollo ianze na majina. Ofisi ya kata ifungue daftari: nani alihudumu, kitongoji gani, tangu lini, alifanya nini. Lisomwe kwenye mkutano wa hadhara, libandikwe kwenye ubao wa matangazo, na mwenye pingamizi alitoe pale pale. Wazee wanaoweza kuthibitisha bado wapo. Kazi hiyo haihitaji kusubiri bajeti. Inahitaji daftari, kalamu na mtendaji atakayeitisha mkutano mwezi huu.