Mradi Mmoja, Alama Moja

Ukisoma programu inayochanganya usanifu wa media na uhandisi, maswali huyajui mwisho wake. Nyumbani wanauliza, "Sasa wewe utakuwa injinia au mtu wa video?" Hosteli, wenzako wa umeme na ujenzi wanakuita mchora katuni. Watu wa sanaa nao wakiona daftari lako la hesabu wanashika njia yao. Basi wengi wetu tunachagua upande. Huyu anajifungia kwenye programu za kompyuta, yule kwenye kamera na picha, na masomo ya upande wa pili tunayasoma ya kupasi tu, ilimradi tusipate sapu.

Wanachuo wenzangu, mimi nasema kugawanyika huku kunatuharibia shahada. Na kitivo kinachangia, kwa sababu mwaka wa mwisho tunawasilisha kazi mbili kwa majopo mawili: moja inasahihisha mfumo, nyingine inasahihisha filamu. Hakuna anayeuliza kama vitu hivyo viwili vinaongea.

Tuchukue kitu ambacho kila mtu anacho kwenye simu yake: video. Picha moja ya HD ina pikseli 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni 2. Kila pikseli ikihifadhiwa kwa baiti 3 za rangi, na picha zikienda 25 kwa sekunde, unapata baiti milioni 155 na ushee kwa sekunde moja. Dakika moja ni zaidi ya GB 9. Hakuna bando la mwanafunzi linaloweza kuhimili hilo.

Wahandisi walitatuaje? Walianza na jicho. Jicho la binadamu ni kali kwenye mwanga na giza, lakini kwenye rangi ni zembe kidogo. Kwa hiyo video nyingi huhifadhi mwangaza wa kila pikseli, halafu rangi hugawiwa kwa pamoja pikseli nne nne. Hapo tu ukubwa umeshapungua nusu, na mtazamaji hata hajashtuka. Kisha zinakuja mbinu nyingine, kama kuhifadhi kile tu kilichobadilika kati ya picha moja na inayofuata.

Sasa mwambie hayo msanifu aliyeweka maandishi madogo mekundu juu ya rangi ya bluu. Kwenye kompyuta yake yanang'aa. Video ikishabanwa, herufi zinatoka zimefifia na kuvujiana kingo, kwa sababu rangi ndiyo iliyopunguzwa. Atalaumu simu, atalaumu mtandao, kumbe jibu lilikuwa kwenye lile somo alilolisoma la kupasi tu. Injinia naye asiyejua mtu anatazama nini kwenye picha hatajua apunguze nini na aache nini.

Mfano mwingine ni Ed Catmull. Utotoni alitaka kuwa mchora katuni, akajiona hana mkono wa kuchora, akasoma fizikia na kompyuta, na mwaka 1974 akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Utah, Marekani. Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Pixar, kampuni iliyotoa Toy Story mwaka 1995, filamu ndefu ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kompyuta. Baadaye alipata Tuzo ya Turing ya mwaka 2019, ambayo ni heshima kubwa kabisa kwa watu wa kompyuta. Hesabu zake zilikuwa zinaitumikia picha.

Najua kuna watakaosema mshika mbili moja humponyoka. Ni kweli, miaka michache haitoshi kumfanya mtu bingwa wa kila kitu, na mwajiri anataka uwe na kitu kimoja unachokiweza barabara. Sikatai. Kila mmoja awe na mkono wake wa kulia. Lakini mkono wa kushoto ukiwa umekufa ganzi, hiyo programu ina faida gani kuliko kusoma uhandisi mtupu au sanaa tupu?

Tunachotakiwa kudai si kikubwa. Kwanza, mradi wa mwaka wa mwisho uwe mmoja, wenye wasimamizi wawili na alama moja wanayokubaliana. Pili, tusisubiri hadi mwaka wa mwisho: kuanzia mwaka wa pili kila muhula uwe na kazi ndogo ya kikundi ambayo haikamiliki bila pande zote mbili. Hilo halihitaji maabara mpya. Linahitaji walimu wa pande mbili kukaa meza moja.

Wawakilishi wa madarasa, lipelekeni hili kwenye kikao cha serikali ya wanafunzi kabla ratiba ya muhula ujao haijatoka. Ikishatoka, tutaambiwa tusubiri mwakani, na wa mwaka wa tatu hawana mwakani.