Waandishi wa miongozo nao ni mafundi

Mtu aliyekabidhiwa unga wa mchele, tui la nazi, hamira na hiliki bado hajala vitumbua. Ndivyo wanavyojikuta mafundi wengi wanapokutana na Netgraph kwa mara ya kwanza.

Netgraph ni sehemu ya FreeBSD, mfumo endeshi wa bure unaotumika sana kwenye seva. Ilibuniwa miaka ya 1990 na Julian Elischer na Archie Cobbs wakiwa Whistle Communications, kampuni ya Marekani iliyotengeneza InterJet, kisanduku cha kuziunganisha ofisi ndogo na intaneti. Ndani ya Netgraph kila kazi ya mtandao ina kipande chake, yaani nodi, na nodi hufungwa pamoja kwa ndoano. Moja huhudumia kadi ya mtandao, nyingine itifaki ya PPPoE, nyingine hutoa nakala ya data ili ikaguliwe. Fundi huzipanga atakavyo kwa amri ya ngctl.

Kila nodi ina ukurasa wake wa mwongozo. Lakini fundi haji kutafuta nodi. Anatafuta mtandao unaofanya kazi.

Chukua daraja la kuunganisha kadi mbili za Ethernet. Fundi huunda nodi ya ng_bridge, akafunga ndoano zote zinapostahili, na bado kompyuta za upande wa pili hazionekani. Kumbe kadi inaitupa data isiyo na anwani yake, na ile inayoipitisha inaibandika anwani yake yenyewe kama mtumaji. Dawa ni amri mbili fupi: setpromisc 1 na setautosrc 0. Zote zimo katika ether.bridge, mfano unaokuja na FreeBSD. Aliyeanzia hapo ameokoa mchana mzima.

Wapo wanaolalamika kwamba mifano ya namna hii, yaani mapishi, huwazoesha watu kunakili wasichokielewa, na kwamba toleo jipya likitoka, maelezo huchacha. Ni kweli. Basi kila pishi litaje toleo lilipojaribiwa, lieleze kila amri inafanya nini, na liwe na mtu wa kulipitia upya.

FreeBSD tayari huwapa waandishi wa nyaraka haki ya kuingiza kazi yao moja kwa moja kwenye mradi, kama waandishi wa programu. Miradi mingine iige. Na anayeleta nodi mpya asipokelewe mpaka aambatanishe mfano mmoja kamili, uliojaribiwa na mtu mwingine.