Tusome Riwaya za Vita Visivyopiganwa Bado

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Walisema kweli kwa zama zao. Zama zetu mtu huketi chumbani mbele ya kioo akaongoza ndege isiyo na rubani, na anayekufa yuko mji mwingine kabisa. Tumeyaona ya Ukraine, tumeyaona ya Sudan iliyo karibu nasi zaidi. Vijana wetu huyatazama hayo kwenye simu wakiwa kijiweni, na mlipuko huushangilia kama goli la Simba au Yanga. Kutazama wanatazama, kutafakari ndiko kunakokosekana.

Basi nawausia wasomaji wenzangu jambo moja: tusome riwaya za kisayansi za vita, zile zinazosimulia majeshi na silaha za zama zisizofika. Nawausia hasa ninyi wa Bagamoyo, Saadani, Pangani na Mrima wote, kwa kuwa mengi yaliyobuniwa humo wazee wetu waliyaona kwa macho yao.

Tukumbushane. Agosti 1888 kampuni ya Wadachi, yaani Wajerumani, ilianza kushika forodha na utawala wa pwani kwa mkataba wake na Sultani Khalifa wa Unguja. Watu wa Pangani wakakataa, na Mrima mzima ukawaka moto. Manowari zikapiga mizinga kutoka baharini. Mwaka uliofuata akaja Wissmann, kamanda wa Wadachi, na mizinga yake na mamia ya askari wa Kisudani walioandikwa Misri, na tarehe 8 Mei 1889 wakalivunja boma la Bushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani huo, nje ya mji wa Bagamoyo. Maelfu ya raia walikuwa wamekwisha kukimbilia misheni kuokoa roho zao. Tarehe 15 Desemba mwaka huohuo Bushiri akanyongwa Pangani. Hebu mfikirie mtu aliyekuwa ndani ya boma lile la magogo: risasi yake haimfiki mwenye mzinga, ilhali kombora la mwenye mzinga limekwisha kumfika yeye. Swali lililomkabili mtu yule ndilo linaloulizwa na riwaya hizi: afanye nini binadamu anapopigwa na mkono asioweza kuugusa? Na mwenye mkono huo, moyo wake hugeuka kuwa nini?

Wa kwanza ninayempendekeza ni H. G. Wells, Mwingereza, na riwaya yake *The War of the Worlds* ya mwaka 1898. Viumbe wa Mirihi wanatua karibu na London. Wenyeji waungwana wanaona bora waanze kwa heshima: wanatuma ujumbe mdogo wa watu, mbele yao bendera nyeupe, wakalisogelea shimo walimo wageni. Mara unachomoza mwali wa joto usioonekana, na wale wajumbe wanateketea pale pale, mmoja baada ya mwingine. Nani wa Mrima atakayeisoma habari hiyo asitikisike? Wala Wells hakuficha makusudi yake. Katika sura ya kwanza anawakumbusha Waingereza jinsi wenyeji wa Tasmania walivyoangamizwa na wahamiaji kutoka Ulaya, kisha anawauliza wana haki gani ya kulalamika. Alitaka taifa lenye mizinga lionje kupigwa mizinga, ingawa kwa kitabu tu.

Wa pili na wa tatu wasomwe pamoja, maana ni malumbano. Robert Heinlein, aliyepata kuwa ofisa wa jeshi la majini la Marekani, alitoa *Starship Troopers* mwaka 1959. Humo kura ya uraia hupewa yule tu aliyekwisha kulitumikia taifa kwa hiari, na jeshi ndilo shule ya adabu. Mwaka 1974 Joe Haldeman, aliyepigana Vietnam akajeruhiwa huko, alitoa *The Forever War*, na wasomaji wengi wamekiona kuwa ni jibu. Askari wake husafiri kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Kwake hupita miezi, nyumbani hupita miaka na karne. Akirudi, hana lugha ya kuzungumza na watu aliowapigania. Wazee wetu waliorudi kutoka vitani Burma mwaka 1945 na 1946 wangemwelewa Haldeman bila mkalimani. Sisi tuliolelewa na mashairi ya kujibizana gazetini tunajua kuonja hoja na jibu lake; tusimwamini mmoja kabla ya kumsikia mwenziwe.

Wa nne ni Orson Scott Card na *Ender's Game* ya mwaka 1985. Mtoto hodari anafunzwa vita kwa michezo ya kompyuta. Anafika kwenye mtihani wa mwisho, anashinda, anageuka na kuwakuta wakubwa wake wanalia kwa furaha. Ndipo anapoambiwa kwamba haukuwa mchezo: meli zilikuwa meli kweli, na umma mzima wa viumbe ameufuta yeye. Mzazi anayemwachia mwanawe simu kutwa akisome kitabu hiki kabla ya mwanawe.

Wa tano ni dada yetu Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. Katika *Binti* ya mwaka 2015, msichana wa kabila la Wahimba yumo safarini kwenda chuo kikuu cha sayari nyingine, na chombo chao kinavamiwa. Sababu ya uvamizi huo ni kwamba wasomi walimkata mkuu wa wavamizi kiungo cha mwili wake, wakakiweka kwenye maonyesho. Mtanzania anaijua habari hiyo kwa jina lingine. Fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyejiua mwaka 1898, uleule wa kitabu cha Wells, asikamatwe na Wadachi, lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954.

Najua nitakavyojibiwa. Wako watakaosema huu ni upuuzi wa kizungu. La, hasha! Mwaka 1728 Mwengo wa Athumani wa Pate aliandika *Utendi wa Tambuka*, habari za vita vya Waislamu na Warumi wa Herekali, mbali na kwao na miaka zaidi ya elfu moja kabla yake. Hakuviona, alivifikiri. Kufikiri vita ambavyo hatukuviona ni ufundi wetu wa tangu zamani.

Wengine watasema vitabu hivi huwapa vijana hamu ya kuua. Hapo wana haki nusu. Viko vinavyohesabu maiti kwa raha, na hivyo tuviache dukani. Kipimo ni hiki: kila ukisoma, uliza nani ametoa amri, nani amekufa, na nani amelipwa. Kitabu kisichojibu hata swali moja kati ya hayo ni baruti tupu.

Na wanaosema Kiingereza ni kigumu nawaambia hivi: haki za Wells zimekwisha muda, kitabu chake chapatikana bure kwenye intaneti. Wasomaji watano na kamusi moja wataimaliza sura kwa jioni moja barazani. Kisha wafungue *Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima* wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyeyaandika ya Bushiri na pwani yetu wakati bado ni mabichi. Makaburi ya Wadachi yapo ufukweni Bagamoyo na mawe yake. Upande wa pili ulijengewa kumbukumbu ya beti. Visomwe pamoja, Wells na Hemedi, aliyebuni kupigwa na aliyesimulia kupigwa.

Nanyi wenye kalamu, msiishie kusoma. Marehemu Katama Mkangi wa pwani ya Kenya alikwisha kutupeleka sayari nyingine kwa *Walenisi* mwaka 1995, na kwa Kiswahili safi. Riwaya ya vita vya kesho, inayoanzia Saadani au Pangani na kuandikwa na mtu anayejua ladha ya kuwa upande wa kupigwa, bado tunaidai. Anayeiweza aianze, sisi wengine tumnunulie kitabu chake.