Tuambieni kilicho ndani ya kamera

Mwaka 2018 Canon ilitoa kwa mpigo kamera mbili za wanaoanza, EOS 2000D na EOS 4000D. Ya pili ndiyo ya bei nafuu zaidi, na ndiyo anayoifikia kwanza kijana aliyekusanya akiba yake ili aanze kupiga picha za kipaimara na harusi mtaani kwao. Namba kwenye kamera humdanganya kabla hata hajafungua boksi: 4000 ni kubwa kuliko 2000, lakini kamera ya 2000 ndiyo bora.

Prosesa ya 4000D, DIGIC 4+, ni ya ukoo wa DIGIC 4 ulioanza kutumika mwaka 2008. Kamera ina vituo 9 vya kulenga na hupiga picha 3 kwa sekunde, sawasawa na EOS 1100D ya mwaka 2011. Miaka saba ilipita, na katika mambo hayo mawili, ambayo mpiga picha huyategemea bibi harusi anapogeuka ghafla, hakuna kilichosogea.

Kuna mahali iliporudi nyuma. EOS 1300D ya mwaka 2016 ilikuwa na pete ya chuma ya kufungia lenzi na skrini ya inchi 3. Kwenye 4000D pete ni ya plastiki na skrini ni ya inchi 2.7. Kile kigurudumu kidogo cha kurekebisha kitundu cha kuchungulia ili kilingane na macho ya mpigaji kimeondolewa kabisa. Anayevaa miwani ataliona pengo hilo siku ya kwanza.

Hatuipingi kamera ya bei nafuu. Imewapa kazi vijana wengi ambao wasingeweza kununua nyingine, na kiwanda kina haki ya kupunguza gharama ili bei ishuke. Tunachokipinga ni kifaa chenye vitu vya zamani kuuzwa kama hatua mpya, mnunuzi akiachwa agundue mwenyewe baada ya fedha kutoka mfukoni.

Canon haiko peke yake. Nikon D3200 ya mwaka 2012 ilikuwa na megapikseli 24.2, na D3500 ya mwaka 2018 ikawa na 24.2 zile zile na vituo 11 vile vile vya kulenga. Tuwe wakweli: betri iliboreka sana, kutoka takriban picha 700 kwa chaji moja kwenye D3300 hadi 1,550 kwenye D3500, na huo ni msaada wa kweli pale umeme unapokatika. Lakini tundu la kuchomekea maikrofoni, lililokuwapo kwenye D3300, liliondolewa kwenye D3400 na halikurudi. Anayerekodi video za mahojiano au kwaya alikuwa salama zaidi na kamera ya zamani.

Kamera zisizo na kioo cha ndani nazo zimeanza mwendo huo huo. EOS R100 iliyotoka mwaka 2023 inatumia DIGIC 8, prosesa ambayo EOS M50 ilikuwa nayo tangu 2018. M50 ilikuwa na skrini ya kugusa inayogeuzwa. Ya R100 haigeuki, na ukiigusa haifanyi kitu. Kijana aliyezoea simu ataigusa mara nyingi kabla ya kukubali.

Na megapikseli, ambazo ndizo zinazoandikwa kwa herufi kubwa? Kutoka 18 hadi 24 inasikika kama theluthi nzima imeongezeka. Ukipima upana wa picha, ni kutoka nukta 5,184 hadi 6,000, yaani kama asilimia 16 tu. Picha ya karatasi ya A4 iliyochapishwa vizuri inahitaji chini ya megapikseli 9. Picha inayotumwa kwa WhatsApp hupunguzwa ukubwa njiani. Mteja wa harusi hataiona tofauti hiyo.

Atakachokiona ni ukumbi wenye giza na nyuso zilizojaa chengachenga. Hapo shida kubwa ni lenzi. Lenzi ya milimita 18 hadi 55 inayokuja na kamera, ikivutwa hadi mwisho, hufunguka f/5.6 tu. Lenzi ya milimita 50 ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Ile ya Canon ya mwaka 2015 ilitoka ikiuzwa dola 125 huko Marekani, na inafungwa kwenye 1100D ya zamani sawa na kwenye 4000D. Kwa maoni yetu, mwenye 1300D inayofanya kazi hana sababu ya kuiuza ili anunue 2000D. Anunue lenzi hiyo, betri ya pili na flashi ya nje anayoweza kuielekeza darini, kisha arudi kazini. Wateja wake wataona mabadiliko Jumamosi hiyo hiyo.

Anayeanza bila kitu asiionee haya kamera iliyotumika, mradi aikague: shuta imepigwa mara ngapi, lenzi haina ukungu ndani, mlango wa kadi unafunga. Sisi wa mwambao tunajua joto na unyevu vinavyofanya kazi yao kwenye vioo vya lenzi, kwa hiyo hilo la ukungu lisichukuliwe kwa wepesi.

Kwa viwanda na wauzaji tunaomba jambo dogo. Kando ya neno jipya kwenye boksi, andikeni prosesa ilianza mwaka gani na nini kimeondolewa kulinganisha na toleo lililotangulia. Muuzaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuanza bila kusubiri kiwanda: awashe kamera zote mbili, ya mwaka huu na iliyotangulia, ampe mteja apige picha kwenye kona yenye giza ya duka, wazitazame pamoja kwenye kompyuta, ndipo wazungumze bei.