MAPUMZIKO KANDO YA MAJI

Mfanyakazi aliyetimiza wajibu wake mwaka mzima anastahili kupumzika. Hilo si hisani ya mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 28 za likizo yenye malipo kila mwaka. Lakini hapa Dodoma, wengi wetu tukiulizwa siku hizo zimekwenda wapi, jibu ni lile lile: nusu zimeishia safarini, na nusu katika shughuli za ukoo. Mtu hurudi kazini amechoka kuliko alivyoondoka.

Wapo wadhanio kwamba kupiga hema kando ya maji ni starehe ya wageni wenye fedha nyingi. Fikira hiyo ni potofu. Kiasi cha kilomita 40 kutoka mjini liko Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957. Katika miezi ya Juni na Julai mvua zimekwisha, njia ni kavu, na usiku una baridi ya kumlaza mtu usingizi mzito. Mwenye hema, blanketi, chandarua na unga wake aweza kukaa huko siku tatu na jamaa yake, akinunua perege kwa wavuvi, pasipo kumaliza mshahara. Yampasa tu kuomba ruhusa kwa viongozi wa mahali, kuchemsha maji ya kunywa, na kuwakataza watoto kuogelea, kwa kuwa maji yaliyotuama huweza kuwa na kichocho.

Walakini tuseme kweli. Aendaye Hombolo kutafuta ziwa la msituni hatalipata. Miti mingi ya nchi hii imekwisha kwa shoka, na mkaa wake umepikia chakula chetu sisi watu wa mjini. Ardhi iliyoachwa uchi haizuii mvua, na maji hushuka na udongo. Haba na haba hujaza kibaba. Mchanga nao, haba na haba, hujaza bwawa. Bwawa likijaa mchanga, mvuvi hana samaki, mkulima wa zabibu hana maji, na mfanyakazi hana pa kupumzikia.

Je, miti iliyopotea yaweza kurudi? Kondoa imekwisha kujibu. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uitwao HADO, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika sehemu zilizoharibika sana. Amri ile ilikuwa nzito kwa wafugaji, na haifai kusahauliwa hivyo. Lakini majani na miti viliota tena katika makorongo yaliyodhaniwa yamekufa.

Sisi hatuhitaji kungoja amri nzito. Kila tawi la chama cha wafanyakazi na likubaliane na wenyeji wa Hombolo mahali pa kupanda miti. Twende mvua za Desemba tukapande. Turudi kiangazi na mahema yetu, tukamwagilie maji ile iliyoshika. Na nyumbani tupunguze mkaa kwa kadiri tuwezavyo.

Kivuli hakiletwi katika mizigo ya safari. Anayetaka watoto wake wapumzike chini ya mti kando ya maji, hana budi kuupanda sasa.